Rangi ya nje kwa nyumba yenye mabati ya damu ya mzee: kijivu au krimu?

Mkazi wa Pugu:
Habari zenu wakuu. Nimemaliza kujenga nyumba ya vyumba vitatu huku Pugu, Dar es Salaam, na sasa nimefikia hatua ya rangi ya nje. Mabati ni ya damu ya mzee, yaani nyekundu iliyokolea, madirisha ni ya alumini nyeusi, na uwanja bado ni udongo mwekundu mtupu, kwa sababu fedha za vitofali vya chini zitapatikana mwakani. Mimi navutiwa na kijivu iliyokolea, kama ya nyumba nyingi mpya, lakini mke wangu anataka krimu, akisema kijivu itaifanya nyumba yetu ionekane imenuna chini ya mabati hayo. Lipu ya nje ilikamilika wiki mbili zilizopita na fundi anataka kuanza Jumatatu. Tuchague ipi, na ni yapi ya kuzingatia kabla ya kununua ndoo?

Fundi rangi, Tabata:
Ndugu yangu, kwanza mzuie fundi wako asianze Jumatatu. Lipu ya saruji huachwa ikauke kwa takriban siku 28, kwa kuwa saruji changa ina ukali ambao hutoka pamoja na unyevu na kuila rangi kwa nyuma, ndiyo maana unaona nyumba mpya zenye mabaka meupe ya chumvi na rangi iliyovimba kama lengelenge kabla hata mwenyewe hajahamia. Lipu ikishakauka, piga msasa, futa vumbi, paka prima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, inayostahimili ukali wa saruji, kisha mikono miwili ya rangi ya nje.

Kuhusu rangi yenyewe, mimi niko upande wa shemeji, ila si krimu nyeupe. Katalogi nyingi za rangi huandika namba inayoonyesha kiasi cha mwanga ambacho rangi hurudisha, kuanzia 0 kwa nyeusi hadi 100 kwa nyeupe. Kijivu unayoitaka huwa chini kabisa ya kipimo hicho, maana yake ukuta wa magharibi utanyonya jua lote la alasiri na chumba cha upande huo kitakuwa na joto hata baada ya jua kuzama. Kwa ukuta wa namna hiyo sishauri namba iliyo chini ya 50. Chagua rangi ya mchanga au krimu yenye ukahawia kidogo. Rangi zinazotokana na udongo wenye chuma, yaani kahawia, manjano ya udongo na nyekundu ya matofali, hustahimili jua kwa miaka mingi, wakati nyekundu na zambarau zinazong'aa mara nyingi hupauka mapema.

Kwa kuwa uwanja ni udongo mwekundu, paka sehemu ya chini ya ukuta, kimo cha sentimita 60 hivi, rangi ya kahawia iliyokolea. Mvua ya masika hurusha tope hadi kimo hicho, na doa la udongo ule haliondoki kwa kusugua.

Msanifu majengo, Dodoma:
Nakubaliana na Fundi kuhusu joto, lakini sioni sababu ya kumnyima mwuliza swali kijivu yake kabisa. Inaweza kupakwa kwenye nguzo za baraza na ukuta mfupi wa mbele, mahali penye kivuli, mradi iwe kijivu yenye ukahawia ndani yake, kwa sababu kijivu yenye ubuluu hugombana na damu ya mzee.

Msichague kwa kukitazama kijikaratasi cha dukani. Rangi ikienea ukuta mzima huonekana kali kuliko ilivyokuwa kwenye karatasi. Nunueni kopo dogo la kila rangi, pakeni kipande cha mita moja kwa mita moja kwenye kuta mbili zinazotazama pande tofauti, kisha mkiangalie asubuhi, saa sita mchana na jioni, mkiwa mmesimama barabarani ili mabati nayo yaonekane.

Mama mwenye nyumba, Tanga:
Naongeza la ukuta wa kusini. Katika pwani yetu, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na masika huangukia humo humo, kwa hiyo ukuta wa kusini hukaa na unyevu na kuota kuvu nyeusi. Ulizia rangi yenye dawa ya kuzuia kuvu. Vilevile, ndoo zote zichanganywe siku moja na uhifadhi namba ya mchanganyiko, kwani ndoo ya kuongezea mara nyingi hutofautiana na za mwanzo.

Mkazi wa Pugu:
Nawashukuru sana. Fundi ameambiwa asubiri, na mke wangu amekubali kijivu kwenye nguzo za baraza. Limebaki swali moja: fishabodi ya mbao, ule ubao wa ukingo wa paa, ipakwe rangi gani?

Fundi rangi, Tabata:
Damu ya mzee kama mabati, na iwe rangi ya mafuta. Paka pande zote za ubao, pamoja na ncha zilizokatwa, kabla haujapigiliwa, kwa sababu maji huingilia kwenye ncha hizo.