Feni ya bafuni inanguruma, mvuke hauendi popote

DadaWaNgamiani
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Coventry, England, nyumba ya miaka ya 1930, bafu lipo juu. Feni ya kutolea hewa imepachikwa kwenye dari na inawaka pamoja na taa. Inanguruma kama mashine ya kusaga unga, lakini watoto wawili wakishaoga kioo hakionyeshi uso, ukuta unatiririka, na kona ya juu ya dirisha ina ukungu mweusi. Nimeusugua kwa jiki mara tatu, unarudi.

Kilichonishtua ni juzi. Nilipanda juu ya dari, kule chini ya paa, kutafuta sanduku langu la vitenge. Mwezi wa 10 mume wangu alitandaza huko sufu ya kuzuia baridi, ile ya manjano inayowasha, marobota 11, mgongo ukamuuma wiki nzima. Sasa kila msumari wa paa umening'iniza tone, kama mtu kautundikia ushanga, na vitenge vya juu vimelowa. Mume anasema paa linavuja. Siku hiyo mvua haikunyesha! Ninunue feni kubwa zaidi?

FundiWaMvua
Dada, pesa yako iache kwanza. Chukua kipande kimoja cha karatasi ya chooni, funga mlango, washa feni, kipachike kwenye wavu wake. Kikishika, inavuta. Kikianguka, kelele tu. Jaribu tena mlango ukiwa wazi. Kikishika hapo, basi bafu halipati hewa ya kuingia, na feni haitoi hewa isiyoingia. Chini ya mlango panatakiwa uwazi wa milimita 10 hivi.

Halafu panda ufuate bomba la feni uone linaishia wapi. Kazi hii naifanya huku mwaka wa tisa, na nimeshakuta mabomba mengi yamelala tu juu ya dari, nje hayafiki.

Shemeji hakukosea kuweka sufu, huku wanashauri unene wa milimita 270. Ila zamani joto la nyumba lilikuwa likipanda mpaka kwenye paa. Sasa limezuiwa, juu kumekuwa baridi kama nje, na mvuke ukigusa msumari wa baridi unageuka maji.

MamaWatatu
Sisi tunafungua dirisha tu, Januari na yote.

DadaWaNgamiani
Mama, bili ya gesi unamtumia nani?

Fundi, karatasi imeanguka kama jani la mwembe, mlango wazi au umefungwa. Nimepanda na tochi. Bomba ni lile la mikunjo kama kinanda cha taarabu. Robota la sufu limelikalia, upande mwingine limelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na tumboni mwake nimekuta maji ya kujaza kikombe. Ncha imeelekezwa upenuni lakini haijaunganishwa na kitu. Na huko upenuni sufu imeshindiliwa mpaka mwisho, hata mwanga hauingii.

FundiWaMvua
Basi umeshapona. Kanuni za ujenzi za England zinataka feni ya bafu itoe lita 15 kwa sekunde, na hiyo ndogo ya bomba la inchi 4 inaziweza, mradi njia iwe fupi na nyoofu. Mikunjo inakula nguvu yote. Tupa hilo, weka bomba gumu la plastiki, lishuke kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi kwenye feni, livishe sufu, litokeze ukutani kabisa. Kama ukuta uko mbali, kuna feni za kufunga katikati ya bomba, zina nguvu zaidi na kelele zinabaki huko juu.

Upenuni vuta sufu nyuma, acha upenyo wa milimita 50 chini ya mbao za paa ili upepo upite. Mfuniko wa tundu la kupandia darini nao uvike sufu na mpira wa kuzuia hewa, mvuke mwingi hupita hapo.

Waya usiuguse. Bafuni aje fundi umeme aliyesajiliwa, akufungie feni inayoendelea dakika 15 baada ya taa kuzimwa.

DadaWaNgamiani
Asante sana kaka. Mume kasoma yote kimya. Sasa yuko juu anavuta sufu. Amesema nisiandike ni nani aliyeishindilia.