Chuo kimebadili masharti muhula wa tatu: mpwa wangu atie sahihi fomu mpya au asitie?

MamaKisauni

Jamani mnaojua sheria na mambo ya vyuo, nisaidieni. Mpwa wangu wa miaka 19 anasomea ufundi wa umeme Level 5 (ngazi ya cheti) katika chuo cha binafsi hapa Mombasa. Alijiunga Januari. Barua ya kumpokea inasema karo ni Sh28,000 kwa muhula, mihula 4, "ikijumlisha vifaa vya kazi na ada ya tathmini", na karakana siku 3 kwa wiki. Walipofungua Septemba wakapewa fomu mpya: karo Sh36,000, vifaa kila mtu ajinunulie (seti ni Sh9,500), ada ya tathmini Sh7,200 kando, na karakana imebaki Jumamosi tu. Siku nyingine wanatumiwa video kwa WhatsApp. Asiyetia sahihi kabla ya mwisho wa mwezi hasajiliwi kwa tathmini. Barua ya kwanza alitia sahihi mwenyewe, karo nalipa mimi kwa paybill. Afanyeje? Na akihama, pesa zinarudi?

Pwani_Sheria

Mama, asitie sahihi kwanza. Ile barua ya Januari, pamoja na orodha ya karo na kitabu cha kanuni, ndiyo mkataba. Upande mmoja hauwezi kuubadilisha peke yake, na sababu ya chuo kuhangaika na fomu mpya ni hiyo: wanahitaji ridhaa yenu. Sahihi yake kwenye fomu ndiyo itakayoua hoja zenu karibu zote.

Kabla ya jambo lolote, tafuta kama kuna kifungu kinachosema karo au masharti "yanaweza kubadilishwa". Mara nyingi kimefichwa mwisho wa kitabu cha kanuni, au nyuma ya fomu ya kujiunga kwa herufi ndogo. Hata kikiwepo kisikutishe sana. Kifungu cha kupandisha karo hakimpi mtu ruhusa ya kupunguza karakana. Hayo ni mambo mawili. Tena Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inasema maneno yenye utata katika mkataba yafasiriwe kwa faida ya mtumiaji, na haki zilizomo humo haziondolewi kwa kumtilisha mtu sahihi. Ibara ya 46 ya Katiba nayo inampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, habari anazohitaji, na fidia akipata hasara, iwe huduma ni ya serikali au ya mtu binafsi.

Aandike barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa chuo: nambari yake ya usajili, masharti ya Januari yalivyokuwa, mabadiliko manne moja moja, kwamba hakubaliani nayo, na anachotaka. Awape siku 14 za kujibu. Apeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi na tarehe, arudi nayo. Wakikataa kugonga, aitume kwa barua pepe ya chuo siku hiyo hiyo.

Karo ya muhula huu lipa Sh28,000 ile ile, usizuie yote. Asiyelipa chochote anawapa chuo sababu safi ya kumfukuza, na hapo mnaokuwa mmevunja mkataba ni nyinyi. Na ikifika siku ya mwisho wakakataa kabisa kumsajili bila fomu, aitie sahihi lakini juu ya sahihi aandike kwa kalamu: "Natia sahihi ili nisajiliwe kwa tathmini. Sikubali mabadiliko na nahifadhi haki zangu." Apige picha kabla ya kuikabidhi.

mkufunzi_karakana

Nakubaliana na Pwani_Sheria kuhusu barua, lakini kuna jambo linaloweza kumuumiza kijana kuliko hizo pesa. Kwa mtaala wa CDACC (baraza la serikali la mitaala na tathmini za vyuo vya ufundi) hatathminiwi kwa karatasi peke yake. Anatakiwa awe na potifolio ya ushahidi: kazi alizofanya kwa mikono yake, zikaangaliwa na mkufunzi, zikatiwa sahihi na tarehe. Kupitisha nyaya kwenye mabomba, kufunga bodi ya fyuzi, kupima ukinzani wa ardhi, hakuna video itakayomfanyia. Karakana ikipungua hivyo, potifolio inakuwa na mapengo, na matokeo yanakuja "bado hajafikia umahiri" kwenye baadhi ya vitengo. Chuo kitasema kijana ni mvivu.

Kwa hiyo leo hii anunue daftari, aandike kila wiki siku za karakana zilizofanyika na zilizofutwa, na kitengo gani kilipaswa kufundishwa. Jumbe za WhatsApp zinazosema "leo hakuna karakana" azihamishe zote kama faili, asitegemee picha za skrini peke yake.

Kisha mpige hatua mbili za ukaguzi. Ya kwanza, TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi: je, chuo kina leseni ambayo haijaisha, na je, kozi hii kwa kiwango hiki imeidhinishwa hapo? Chuo kuwa na leseni hakumaanishi kila kozi yake imeidhinishwa, na wengi hunaswa hapa. Ya pili, aombe uthibitisho wa usajili wake kwa CDACC, wenye jina lake na jina la kozi. Wapo wanaolipishwa ada ya tathmini kumbe hata jina halijaingizwa kwenye mfumo. Makosa ya tahajia kwenye jina yarekebishwe sasa hivi, cheti kikishatoka ni safari nyingine.

Na tuwe waadilifu: si kila badiliko ni ujanja. Kozi nyingi zimehamishwa kutoka mitihani ya KNEC (baraza la mitihani la taifa) kwenda CDACC kwa sera ya serikali, na chuo hakina la kufanya. Ila sera hiyo haikumwambia mtu yeyote afute karakana.

Hesabu_Kwanza

Mimi nitawaudhi kidogo. Kuhama na kudai karo yote irudi ni ndoto. Mihula miwili amefundishwa, pesa hiyo imeshaliwa kihalali. Kinachodaika ni tofauti kati ya mlichoahidiwa na mlichopata:

Mkilazimishwa kulipa, karo iliyozidi, Sh8,000 mara mihula 2, ni 16,000. Vifaa 9,500. Ada ya tathmini 7,200. Jumla Sh32,700. Juu ya hapo, thamani ya karakana iliyopunguzwa, na hii msiitaje kwa kukisia. Nendeni karakana nyingine, mwombe bei kwa maandishi ya kufundishwa vitengo hivyo hivyo. Karatasi hiyo ndiyo hesabu yenu. "Usumbufu wa akili" uacheni, unafanya dai lionekane la mzaha.

Dai la namna hii linaingia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza kesi zisizozidi Sh1,000,000, na sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kufungua. Haibanwi sana na kanuni za ushahidi, kwa hiyo risiti, taarifa ya M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp vinaangaliwa bila wakili wa gharama. Rufaa ni kwa hoja za kisheria pekee. Lakini ni mahali pa kudai pesa. Msiende pale mkitarajia hakimu akilazimishe chuo kufungua karakana. Malalamiko ya ubora yapelekeni TVETA kwa maandishi, mkiambatisha barua ya Januari na fomu mpya.

Mambo mawili yanayoangusha kesi hizi. Kwanza jina la mshtakiwa: lililo kwenye lango la chuo huenda ni la biashara tu. Tazama jina linalotokea unapolipa paybill, kisha ulipie upekuzi wa kampuni kwa eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) upate jina lililosajiliwa. Ukishinda kesi dhidi ya jina lisilokuwepo, umeshinda hewa. Pili, mdai ni mpwa wako aliyetia sahihi, si wewe, ingawa pesa ni zako. Asipoweza kufika, sheria inaruhusu mwakilishi aliyemwidhinisha asimame badala yake, na huyo unaweza kuwa wewe.

Hamna haja ya kukimbizana. Dai la mkataba lina miaka 6. Kinachoisha haraka ni muda wa usajili wa tathmini, hicho kwanza.

MamaKisauni

Nashukuruni sana. Tumekiona kifungu, ukurasa wa 11 wa kitabu cha kanuni: "Karo inaweza kurekebishwa mwanzoni mwa kila mwaka wa masomo." Hakisemi kitu juu ya vifaa wala karakana.

Pwani_Sheria

Hicho kinawasaidia nyinyi zaidi kuliko wao. Wamejifunga wenyewe kwa maneno "mwanzoni mwa mwaka wa masomo". Aliingia Januari, na Septemba si mwanzo wa mwaka wake. Muhula huu wa tatu unabaki Sh28,000. Muhula wa nne ukianza Januari ijayo, hapo wana haki ya kupandisha, kwa hiyo ondoeni Sh8,000 moja kwenye hesabu ya Hesabu_Kwanza: 8,000, 9,500 na 7,200, jumla 24,700, pamoja na bei ya karakana. Mkidai 32,700 wakati kifungu kiko wazi, wakili wao ataanzia hapo.

Wanaweza kubishana kwamba mwaka wa masomo wao unaanza Septemba. Angalieni kalenda iliyo kwenye barua ya kumpokea, na tarehe zilizo kwenye risiti za karo. Zikisema "Muhula wa 1" kwa Januari, nukuuni hivyo hivyo ndani ya barua ya siku 14, na mtaje ukurasa wa 11 kwa nambari.

mkufunzi_karakana

Seti ya vifaa asiinunue kabla hamjajibiwa na chuo. Akilazimika, achukue risiti yenye kila kitu kimetajwa: koleo, bisibisi za kupimia, mita, kisu cha nyaya. Risiti ya "vifaa 9,500" mkiileta kwenye madai haina uzito.