Kampuni za magari zikianguka kwenye mdororo, nimlaumu nani? Nina mdahalo Ijumaa, naombeni nondo

Mchokonozi:
Wakuu, heshima kwenu. Nimejitia kitanzi mwenyewe, naombeni mnisaidie kukilegeza.

Chuoni tuna mdahalo Ijumaa. Mada: "Kampuni za magari zinapoanguka wakati wa mdororo wa uchumi, wa kulaumiwa ni mabosi wake." Mimi naunga mkono. Upande huu niliuchagua kwa mbwembwe nikijua ni mteremko: nitawataja wale wakurugenzi wa GM, Ford na Chrysler waliopanda ndege binafsi Novemba 2008 kwenda Washington kuomba dola bilioni 25, ukumbi utacheka, nitakaa chini.

Sasa dada niliyepangiwa kushindana naye anasoma uhasibu na hana masihara. Juzi tumekutana maktaba, akaniuliza swali moja tu: "Kama walioharibu ni mabosi wa Detroit (yaani hao GM, Ford na Chrysler), mbona Toyota nayo ilipata hasara?" Nikaenda kuangalia. Kweli bwana. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 Toyota ilipata hasara ya zaidi ya yen bilioni 400, na ilikuwa haijaonja hasara ya mwaka mzima tangu 1950.

Nimebaki mdomo wazi. Nihamishie lawama kwenye benki? Kwa chama cha wafanyakazi? Au kuna namna ya kulijibu hili bila kuonekana nakwepa?

Gia_ya_Tano:
Kwanza ndege iache. Hata wenyewe waliona aibu, Desemba wakarudi Washington kwa barabara, kila mmoja na gari la kampuni yake. Inachekesha, ila haielezi kampuni ilikufa kwa nini.

Zuhura_M:
Mkuu, unachanganya mambo mawili, na huyo dada ameshajua kwamba unayachanganya. Mauzo kushuka ni jambo moja, kampuni kufa ni jambo jingine.

Marekani 2007 yaliuzwa magari mapya kama milioni 16. Mwaka 2009 yaliuzwa milioni 10 na ushee. Hakuna bosi wa kiwanda aliyeyataka hayo wala aliyeyasababisha. Gari ni kitu kinachosubirika. Mtu akisikia kazini kwake watu wanapunguzwa, anabadilisha tairi, anaziba panapovuja, anasukuma miaka miwili mingine na gari lake lilelile. Kiwanda ndicho kisichoweza kusubiri. Mitambo imeshanunuliwa, madeni yanadai, wastaafu wanataka pensheni yao mwisho wa mwezi, na gharama hizo haziulizi mwezi huu umeuza magari mangapi. Kwa hiyo mauzo yakipungua theluthi moja, usidhani na faida itapungua theluthi. Faida inakwisha yote, kisha hasara inaanza. Hicho ndicho kilichoikuta Toyota, na hapo dada yuko sahihi kabisa. Mkubalie mapema, tena kwa tabasamu.

Halafu muulize: wote walinyeshewa mvua moja, mbona Chrysler ilikimbilia ulinzi wa mahakama ya ufilisi Aprili 30, 2009, GM ikafuata Juni 1, lakini Toyota na Ford hazikufika huko? Mdahalo wako uko hapo.

Kikokotoo:
Zuhura umenena, ila Ford msiipambe sana, mtamponza kijana wa watu.

Mwishoni mwa 2006 Ford ilikopa kama dola bilioni 23.6, ikaweka rehani karibu kila ilichonacho, hadi nembo yake. Siku hizi inasimuliwa kama busara ya Alan Mulally, bosi mpya wa Ford, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka Boeing, kampuni ya ndege. Lakini mtu hakopi hivyo akiwa mzima. Mwaka huohuo Ford ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Iliugua mapema, duka la dawa likiwa bado wazi. GM ilipokwenda kubisha hodi, benki ya Lehman Brothers ilikuwa imeshaanguka Septemba 15, 2008, na benki zilikuwa hazikopeshani hata zenyewe. Mhasibu atakuuliza: hiyo ni akili au ni bahati?

Na usije ukasema Ford haikugusa hela ya serikali. Za uokoaji haikuchukua, sawa, lakini 2009 Wizara ya Nishati ya Marekani iliikopesha dola bilioni 5.9 za kutengeneza magari yanayobana mafuta. Ukikosea hapo umekwisha.

Mzee_wa_Spana:
Mnazunguka mbuyu. Tatizo lilikuwa chama cha wafanyakazi, UAW. Mnajua kwamba kulikuwa na kitu kinaitwa benki ya kazi? Tangu miaka ya 1980, mtu ambaye kazi yake imeondoka analipwa karibu mshahara wote huku anajaza chemshabongo. Juu ya hapo GM ilibeba matibabu ya wastaafu na familia zao, mzigo wa zaidi ya dola 1,000 kwa kila gari. Toyota ya Marekani haikuwa na jeshi la wastaafu namna hiyo. Bosi angefanya muujiza gani?

Binti_Karakana:
Mzee shikamoo, lakini mkataba huwa una sahihi mbili. Hizo pensheni na matibabu mabosi walizisaini kwa mkono wao, tangu ule mkataba wa 1950 kati ya GM na UAW ya Walter Reuther. Enzi hizo magari yalikuwa yanauzika kama njugu. Kumwahidi mtu pensheni ya miaka thelathini ijayo ni rahisi, maana atakayelipa ni bosi mwingine.

Zile "dola 70 kwa saa" zilizopigiwa kelele 2008 nazo hakuna fundi aliyezitia mfukoni. Mshahara wenyewe ulikuwa kama dola 28. Zilizobaki ni marupurupu na gharama za waliokwishastaafu, zimegawanywa kwa vichwa vya waliobaki kazini.

Mchokonozi, nondo yako hii hapa. GM ilikuwa na kiwanda Fremont, California. Kilisifika kwa utoro, ulevi na magari mabovu, wakakifunga 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wafanyakazi wengi wakawa ni walewale, chama kilekile cha UAW. Kilichogeuka ni namna ya kuwaongoza: fundi akaruhusiwa kuvuta kamba akasimamisha mstari mzima akiona kasoro, na akivuta, msimamizi anakuja kumsaidia badala ya kumfokea. Haikuchukua muda, magari ya pale yakawa miongoni mwa yaliyounganishwa vizuri zaidi katika GM nzima. Na GM ikakaa na somo hilo ndani ya nyumba yake miaka 25 bila kulieneza ipasavyo kwenye viwanda vyake vingine.

Sasa kama wafanyakazi ndio wabovu, Fremont ilitengemaaje?

Mzee_wa_Spana:
Marahaba. Hiyo ya Fremont sikuwa nayo. Lakini benki ya kazi siifuti.

Binti_Karakana:
Usiifute mzee, ilikuwa aibu kweli. Ila hata UAW ilikubali kuiachia dhoruba ilipofika.

Chembe:
Mbona hamna anayemgusa mnunuzi? Marekani tangu 1964 pikapu ya kutoka nje inatozwa ushuru wa asilimia 25, kwa hiyo hapo Detroit ilikuwa inacheza yenyewe uwanjani. Sheria ya ulaji wa mafuta nayo iliyahesabu magari makubwa ya familia kama malori mepesi, yakawekewa masharti laini kuliko gari dogo. Mafuta yalikuwa rahisi. Watu wakayapigania magari makubwa, na faida ilikuwa humo. Julai 2008 pipa la mafuta likafika dola 147, galoni ikapita dola 4, ghafla kila mtu hataki tena. Bosi aliuza kilichotakiwa. Utamlaumu muuza miavuli kwa sababu jua limewaka?

Gia_ya_Tano:
Nitamlaumu akiuza miavuli tu, akachoma kofia zake. GM ilikuwa na EV1, gari la umeme, kuanzia 1996. Karibu yote iliyanyang'anya kutoka kwa waliokodishiwa, ikayaponda. Mwaka 1999 ikachukua jina la Hummer, yale madude yanayokunywa mafuta.

Chembe:
Hahaha, sawa. Lakini EV1 ilikuwa inakula hela, tusijidanganye.

Kikokotoo:
Kuna sehemu ya mikopo pia imesahaulika. Wamarekani wengi hawanunui gari kwa fedha taslimu. GM ilikuwa na kampuni yake ya kukopesha wateja, GMAC, moja ya vitu vyake vichache vilivyoingiza faida ya uhakika. Mwaka 2006 ikauza asilimia 51 kwa kundi lililoongozwa na Cerberus, wawekezaji walewale ambao mwaka uliofuata waliinunua Chrysler. Oktoba 2008 GMAC ikatangaza kwamba bila alama 700 za ukopaji, zile zinazopima kama mtu ni mlipaji mzuri wa madeni, hukopi. Fikiria muuzaji wa Chevrolet, chapa ya GM, siku hiyo: gari lipo, mteja yupo mlangoni na anataka, mkopo hamna. Benki zilibana, sawa, lakini bomba la kwake mwenyewe nani alilikabidhi kwa mtu mwingine?

Mchokonozi:
Nimezidiwa kwa uzuri. Ila bado swali la Kikokotoo la akili au bahati linanitafuna. Kama Ford ilikopa kwa sababu iliugua mapema, basi GM kosa lake ni kuchelewa kuugua. Hilo siwezi kumlaumia bosi.

Zuhura_M:
Ungekuwa sahihi kama GM ingechelewa kuugua. Haikuchelewa, ilitangulia. Mwaka 2005, mwaka mzima kabla ya ile hasara ya Ford, GM ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 10. Oktoba mwaka huohuo Delphi, kampuni ya vipuri iliyozaliwa na GM yenyewe, ikafilisika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 GM ilishika karibu nusu ya soko la Marekani, kufikia 2008 imebaki na kama asilimia 22, lakini bado imeng'ang'ania chapa nane, nyingine zikigombania mteja mmoja.

Kengele ilimlilia Rick Wagoner, bosi wa GM, kabla haijalia kwa Ford. Ford ikaenda kukopa, yeye akauza GMAC. Alichagua, akiwa na muda na akiwa macho. Bahati ilikuwepo, sibishi, lakini mlango ulikuwa wazi kwa wote wawili.

Kikokotoo:
Hapo nimekaa. Chukua hiyo.

Mchokonozi:
MREJESHO. Tumepigwa kura 31 kwa 27. Msinicheke.

Nilianza kwa kukiri Toyota kama mlivyoniambia, nikaingia na Fremont, ukumbi ukatulia. Ile ya 2005 ikaingia barabara, nikaona majaji wanaandika. Nikajua nimeshinda.

Dada akasimama. Toyota hakuitaja kabisa! Akaanza na Mulally: huyu ndiye bosi mnayemsifu, fedha za uokoaji hazihitaji, mbona alikwenda mbele ya Bunge kuunga mkono wapinzani wake waokolewe? Kwa sababu wanaotengeneza viti, taa na breki za Ford ndio haohao wanaoiuzia GM. GM ikikatika ghafla, wao wanafunga, na Ford inabaki na mabodi matupu. Kwa hiyo, anasema, bosi anaweza kufanya kila kitu sawa na bado akauawa na jirani yake, na upande wetu umesema "wa kulaumiwa ni mabosi wake", yaani wa kampuni hiyohiyo. Akakaa. Alitumia dakika tatu kati ya saba.

Sikuwa na jibu. Nilisema ni jirani huyohuyo aliyeongozwa vibaya, ila sauti ilikuwa imeshakatika.

Binti_Karakana:
Hilo jibu lako mbona lilikuwa zuri? Ungelisema kwa sauti.

Mzee_wa_Spana:
Ungetaja benki ya kazi.