Mrejesho: Leza ya kuonyeshea nyota, nimechukua ya miliwati 5

Wakuu, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Mimi ndiye niliyeuliza kama ninunue leza ya kijani ya miliwati 5 (kipimo cha nguvu ya mwanga wake) au ile ya 200, ya kuwaonyeshea wanafunzi nyota hapa Tukuyu. Nimechukua ya 5.

Aliyenifungua macho (samahani kwa utani) ni yule aliyeeleza kwamba jicho hujifumba ndani ya robo sekunde hivi, na kinga hiyo inatosha kwa leza isiyozidi miliwati 1. Kwa ya 200 kope haziwahi. Retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, inaungua kabla hujashtuka, na hata mwanga ukirudi kutoka kwenye kioo cha gari ni hatari vilevile. Mimi nilidhani kubwa ndiyo bora, kama tochi za kawaida! Hata hii ya 5 si ya kumulikana usoni, kwa hiyo naishika mwenyewe, mtoto hagusi.

Muuzaji kule Mbeya mjini alinibishia sana, eti ya 5 ni ya kuchezea paka. Nyingine alizokuwa nazo hazikuwa na lebo kabisa, nikaziacha.

Na inatosha. Kijani ya nanomita 532 (urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi) huonekana kali kuliko nyekundu ya nguvu ileile, maana jicho huihisi zaidi. Juzi mawingu yalipofunguka mstari wa mwanga ulinyooka hadi kundi la nyota la Msalaba wa Kusini, watoto wakapiga kelele. Ndege ya kwenda uwanja wa Songwe ikitokea, naizima leza kwanza nisimmulike rubani.