Dola 300 za kadi za besiboli: maboksi mapya, Ripken iliyopimwa, au za zamani zilizochakaa?

Mtani_wa_Baltimore

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kwa wanaokusanya kadi za besiboli. Wale wa kusema ni mchezo wa kusinzia, mpite tu, uzi huu si wenu.

Nimekulia Baltimore na Orioles ni timu yangu tangu shule ya msingi. Usiku wa 6 Septemba 1995, Cal Ripken Jr. alipocheza mechi yake ya 2,131 mfululizo na kuivunja rekodi ya Lou Gehrig, nyumba nzima tulikuwa mbele ya runinga. Bibi alikuwa anauliza mbona uwanja mzima unapiga makofi na mpira umesimama. Kadi nilizonazo ni za kuokoteza tu, sijawahi kukaa chini nikanunua kwa mpango. Sasa nimetenga dola 300 na nimebaki na njia tatu: maboksi ya Topps (kampuni inayochapa kadi) ya msimu huu, au kadi moja ya Ripken, Topps Traded ya 1982, iliyokwisha kupimwa ubora na kufungwa kwenye plastiki, gredi ya 8 kati ya 10 hivi, au kadi kadhaa za zamani za Orioles, zilizochakaa.

Si biashara, ila sipendi pia kuchoma hela. Nawasilisha.

Pakiti_Kwanza

Maboksi, bila kufikiri mara mbili. Kadi bila kufungua pakiti ni nini sasa? Kuna yule mtoto wa miaka 11 wa Los Angeles aliyekuta kwenye pakiti kadi ya Paul Skenes, mrushaji wa Pirates, yenye nembo ya mechi yake ya kwanza, imebanduliwa kwenye jezi yenyewe, iko moja tu duniani. Timu ikamwahidi tiketi za msimu kwa miaka 30 awape. Familia ikapeleka mnadani, mwaka 2025 ikauzwa dola milioni 1.11. Hiyo huipati ukinunua makaratasi ya wazee.

Bi_Hesabu

@Pakiti_Kwanza kila mwaka huwa hamkosi mtoto mmoja wa kumtaja. Wale waliofungua boksi wakatoka na rundo la kadi za kawaida hawaandikwi popote.

Kaka Mtani, sikiliza. Boksi la hobi (lile la maduka ya kadi) la Series 1, toleo la kwanza la Topps la mwaka, linakuahidi kadi moja yenye saini au kipande cha jezi, basi. Na mara nyingi saini hiyo ni ya mrushaji wa akiba ambaye hata wewe shabiki wa kufa utamtafuta kwenye simu. Zinazobaki ni zile zile ambazo watu wanauza moja moja kwa senti. Series 1 hutoka Februari. Subiri wiki chache, wafunguaji wakishamwaga zao sokoni, chagua Orioles wote wa mwaka huo kwa pesa ya chakula cha mchana. Kama unataka ule mchecheto wa kuchana karatasi, nunua pakiti moja. Moja!

Mzee_wa_Kona_Butu

Bi Hesabu kanena. Mimi nitasemea hiyo ya tatu, maana ndiyo niliyo nayo mezani hapa.

Kijana, kwanza elewa kwa nini kadi nyingine zina bei na nyingine hazina. Kadi za miaka ya 1950 zilinunuliwa na watoto kwa ajili ya bigijii, zikabanwa kwenye spoku za baiskeli, zikafungwa mpira zikakatika kiuno, mwisho mama akatupa. Hata Topps wenyewe hawakuzijali: Sy Berger, aliyebuni toleo la 1952, alipakia makasha ya kadi za mwaka huo zilizododa akaenda kuzimwaga baharini Atlantiki mwaka 1960. Humo ndani mlikuwa na kadi namba 311, ya nyota Mickey Mantle. Nakala moja safi ya hiyo iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Na wala si kadi yake ya kwanza, ya kwanza ni ya kampuni ya Bowman, 1951!

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 mambo yakageuka. Kila mtu alishasikia kwamba kadi ni mali, kila mtu akaweka, na viwanda vikachapa bila breki. Seti nzima ya Topps 1987, ile yenye fremu kama mbao, kadi 792 na Barry Bonds kijana ndani, leo unaipata kwa bei ya chakula cha watu wawili.

Kwa hiyo kwa timu yako: Jim Palmer ya 1966 (namba 126), Eddie Murray ya 1978 (namba 36), halafu Ripken ya 1982. Zote za mwaka wa kwanza, zote za watu waliomo kwenye jumba la magwiji wa besiboli, Cooperstown. Chukua zenye kona butu na mkunjo mdogo, sura iwe safi. Palmer yangu nyuma ina doa la nta ya pakiti na mtu alishaweka alama ya kalamu ya risasi. Sibadilishi.

Gredi10

Shikamoo mzee. Naheshimu, ila umemwacha mwenzetu porini. Za zamani ndizo zinazoghushiwa, zinazokatwa kingo ili kona zionekane kali, zinazopakwa rangi. Ukinunua kwa picha ya mtandaoni unajuaje? PSA au SGC, kampuni za kupima kadi, wakishaifunga, walau kuna mtu ameipima ukubwa, ametazama kama picha imekaa katikati, kona, kingo na uso, akaweka namba. Na siku ukitaka kuuza, mnunuzi hakuulizi maswali. Hiyo Ripken ya Traded naiunga mkono: haikuwa ya kwenye pakiti za madukani, ilitoka ndani ya seti ya boksi ya kadi 132 iliyouzwa kupitia wafanyabiashara wa kadi, na yuko peke yake pichani. Ile ya kawaida namba 21 amebanwa na Bob Bonner na Jeff Schneider.

Mzee_wa_Kona_Butu

Marahaba. Lakini unajua kadi ya kwanza kabisa PSA kuipima, mwaka 1991? Honus Wagner ya T206, seti ya zamani ya kadi za sigara, ile iliyokuwa ya Wayne Gretzky, nyota wa hoki. Wakaipa 8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara wa kadi na minada, akakiri mbele ya mahakama kwamba aliikata kingo. Plastiki hiyo hiyo, 8 hiyo hiyo.

Gredi10

Hiyo naijua mzee, na ndiyo kadi moja kati ya mamilioni. Nilichosema kwa Mtani hakibadiliki: ukinunua iliyopimwa tayari, sawa. *Usipeleke* za kwako za bei ndogo kupimwa. Ada, posta na bima vitazidi kadi yenyewe.

Msafiri254

Mimi niko Minnesota na ninafuata Waafrika tu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani na kucheza ligi kuu, na mara yake ya kwanza tu kushika gongo akaupiga vizuri mpira wa mrushaji Jon Lester akafika kituo. Hakuna mwekezaji anayepigania kadi zake, kwa hivyo mfuko haulii. Sasa nangoja vijana wa Uganda. Dodgers washasaini wawili mwaka 2022, wakipanda ligi kuu tu nitakuwa mlangoni. Nasema hivi kwa sababu hakuna aliyemuuliza Mtani: unataka kumbukumbu ya timu ama ya mtu?

Mtani_wa_Baltimore

Asanteni sana wakuu. Msafiri umenigusa: ni timu. Maboksi nimeyafuta (samahani Pakiti_Kwanza, nitanunua hiyo moja ya Bi Hesabu). Plastiki pia naiweka kando, nataka kadi ninayoweza kuigeuza nikasoma takwimu nyuma. Nachukua Palmer, Murray na hiyo Ripken ya watu watatu. Mzee, kwa pesa itakayobaki, Brooks Robinson ya 1957 nitaiweza?

Mzee_wa_Kona_Butu

Hiyo ndiyo itakayokumaliza. Ni namba 328, na kadi za 1957 kuanzia 265 hadi 352 zilichapwa kwa uchache kuliko wenzake, ndiyo maana Brooks aliyechanika bado anadai pesa. Mchukue Brooks wa katikati ya miaka ya 1960, mtu ni yule yule wa glavu 16 za dhahabu, tuzo ya mdakaji bora. Na mifuko ya plastiki isiwe ya PVC, inanata kwenye wino.

Bi_Hesabu

Na chenji inunulie Billy Ripken, mdogo wake Cal, kadi ya kampuni ya Fleer ya 1989, yenye tusi kwenye kitako cha gongo. Fleer walijaribu kulifuta kwa kila namna, mara walichorechore, mara waweke kisanduku cheusi, ndiyo zipo za aina aina. Orioles bila hiyo haijakamilika.

Pakiti_Kwanza

Hapo tumepatana dada. Mimi ninayo ya kisanduku cheusi, natafuta yenye tusi wazi. Mwenye mbili aje PM tubadilishane.