Tamthilia ya Dkt. James Barry: mwigizaji wa kike aaminike vipi kama mwanaume?

Mzee_wa_Pazia
Wakuu, habari za humu. Kundi letu linaandaa tamthilia ya jukwaani kuhusu James Barry, daktari wa jeshi la Uingereza aliyezaliwa Margaret Bulkley kule Cork, Ireland, akaishi kama mwanaume tangu 1809 hadi alipofariki London mwaka 1865. Sehemu kubwa inatokea Cape Town, kati ya 1816 na 1828. Mwigizaji mkuu ana urefu wa sm 165 na kifua chake si kidogo. Tumembandika masharubu na kumfunga bandeji ya kuvutika kifuani, lakini mazoezini watu wanacheka tu. Bajeti ni ya mitumba na fundi wa mtaani, ukumbi ni wa viti 200 hivi na una joto kweli. Naomba muongozo wa mavazi na sauti, na kama kuna historia tunayoikosea mniambie.

Sindano_na_Uzi
Mkuu, anza kwa kutoa masharubu. Kwa daktari wa jeshi la Uingereza wa miaka hiyo, uso ulionyolewa ulikuwa jambo la kawaida kabisa. Isitoshe gundi na jasho haviendani, pembe moja ikiinuka tu ukumbi mzima unaangalia pale.

Bandeji nayo itoe leo hii. Kila akitoa pumzi inakaza, akivuta hewa haiachii, na mbavu zinaweza kuumia. Mpe sidiria ya michezo inayobana ya saizi yake, moja tu, asivalishwe mbili kwa pamoja. Kinachomfichua mwanamke jukwaani mara nyingi ni tofauti ya kifua na kiuno, kwa hiyo acha kuminya juu, jaza katikati. Chukua fulana isiyo na mikono, shonea taulo nyembamba zilizokunjwa kuanzia chini ya kifua hadi mfupa wa nyonga, mbele, ubavuni na mgongoni. Kama tofauti ni sm 25, jaza mpaka ibaki sm 8 au 10. Kingo ziishie nyembamba, la sivyo chini ya koti litaonekana ngazi. (Simulizi za zamani zinasema Barry mwenyewe alijazia nguo zake taulo.)

Koti: tafuta la sufu, refu, la kiume, mabega yamzidi sm 1 au 2 kila upande. Akishavaa ile fulana, piga chaki usawa wa kiuno. Mbele kata kuanzia hapo, nyuma acha mikia miwili ifike nyuma ya goti. Kola isimame sm 7 hivi, na ndani yake weka kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi. Angalia vifungo, kwa wanaume upande wa kushoto unalala juu ya wa kulia. Mafundi wakigeuza koti la kike husahau hilo na watazamaji wa mbele wanaliona.

Shingo ndiyo zawadi mliyopewa na enzi ile. Wanaume walizungusha kitambaa cheupe mara mbili mpaka chini ya kidevu, kwa hiyo koo lisilo na kongoromeo halionekani kabisa. Tumia bafta, urefu sm 170, ikunje mpaka upana wa sm 15. Wanga: vijiko viwili vikubwa vya wanga wa mahindi kwa nusu lita ya maji, pika mpaka uwe kama uji mwepesi, chovya, anika, piga pasi kikiwa bado na unyevu. Andaa vitambaa viwili, kwa sababu kwenye joto lenu cha kwanza kitalegea kabla ya mapumziko. Faida nyingine ni kwamba kikiwa kigumu hawezi kuinamisha kichwa ovyo, anakaa kijeshi bila kukumbushwa.

Sauti_ya_Kati
Mengi Sindano kamaliza. Mimi niseme sauti. Waliomfahamu Barry walisimulia sauti nyembamba na hasira za karibu, kwa hiyo msimlazimishe dada yetu kuunguruma. Akisukuma sauti chini kooni, kufikia tendo la tatu imekwaruza na siku ya pili hana kitu. Ashushe nota mbili tu, zaidi ya hapo hapana. Kazi kubwa iwe kwenye mwisho wa sentensi: aangushe sauti, akate, asiipandishe kana kwamba anaomba ruhusa. Achukue mistari kumi ya amri za hospitalini, aifanyie kazi dakika 15 kila siku mbele ya mtu aliyesimama mwisho wa ukumbi.

Mwendo vilevile. Kumwambia "tembea kiume" ndiko kunakoleta kichekesho, kwa sababu ataanza kutanua mabega na kurusha miguu. Mfunge upanga mrefu kiunoni (Barry anasimuliwa na upanga mkubwa kuliko mwili wake) afanye nao mazoezi tangu siku ya kwanza. Upanga wenyewe utamfundisha namna ya kugeuka na kukaa.

Mzee_wa_Pazia
Shukrani sana wakuu. Vipi kuhusu viatu? Tulifikiria kumuongezea urefu. Na onyesho la kwanza tumeliandika hivi: mwaka 1826 anafanya upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni, "wa kwanza Afrika".

Kumbukumbu_Kavu
Hayo maneno "wa kwanza Afrika" yafute. Upasuaji ule wa Cape Town, 1826, mama na mtoto walipona wote, na mtoto akapewa jina James Barry Munnik. Jina hilo likarithishwa hadi kwa J.B.M. Hertzog, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Afrika Kusini. Lakini mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji kama huo Bunyoro, Uganda ya leo. Mganga alimlewesha mama kwa pombe ya ndizi, akanawa nayo mikono na kusafisha tumbo, akazuia damu kwa chuma cha moto, kisha akafunga jeraha kwa vijiti vya chuma na uzi wa magome. Mama na mtoto waliishi. Felkin aliona utaratibu uliozoeleka, haukuwa wa kubahatisha, kwa hiyo huenda ulifanywa huko tangu zamani, hata kabla ya Barry. Andikeni "miongoni mwa wa kwanza kurekodiwa kufanywa na daktari wa Kizungu barani" basi. Na kumbukeni dawa ya usingizi ya etha ilikuja miaka ya 1840, kwa hiyo huyo mama wa onyesho lenu yuko macho.

Kingine: msifanye kila mhusika amtilie Barry shaka ya jinsia. Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, alikosomea udaktari, mwaka 1812 walitaka kumzuia mtihani wa mwisho kwa sababu walimwona mvulana mdogo mno, mpaka Earl wa Buchan, bwana mkubwa wa Kiskoti, akaingilia kati. Na kashfa ya Cape Town ya 1824, lile bango lililobandikwa hadharani, ilimshutumu kulala na gavana, Lord Charles Somerset, kama mwanaume na mwanaume. Hapo mna onyesho zima: anakana tuhuma ya uongo, na ushahidi wa kuimaliza hawezi kuutoa. Mngeanza nalo hilo badala ya kisu.

Sindano_na_Uzi
Viatu: Barry alikuwa na futi tano hivi, kama sm 152, kwa hiyo ufupi ni sehemu ya mhusika. Rahisi zaidi ni kuwachagua maofisa wengine warefu. Mkiongeza, iwe sm 2 au 3 ndani ya buti refu linalobana kifundo, na mtumie koki (ile ya vizibo vya chupa za mvinyo), maana sponji inabonyea mguu mmoja kuliko mwingine. Zaidi ya sm 3 kisigino kinachomoka na anaanza kutembea kama aliyevaa viatu vya mchuchumio.

Mzee_wa_Pazia
Tumeelewana. La mwisho: tukikosa koti la sufu, fundi anunue mita ngapi?

Sindano_na_Uzi
Kwa kimo hicho, kitambaa cha upana wa sm 150, mita mbili na nusu. Bitana mita mbili. Akate kwanza kwenye marekani ya bei rahisi, apime mwigizaji akiwa ameshavaa ile fulana ya taulo, ndipo aguse kitambaa chenyewe.