Baiskeli usiku Mji Mkongwe: saa ngapi, njia ipi, nini kikaguliwe?

TangaSita
Wadau, salaam. Tunavuka Unguja mwezi ujao tukiwa watu 6. Usiku mmoja tunataka kuuzunguka Mji Mkongwe kwa baiskeli za kukodi, tukiwa na muongoza watalii. Tuanze saa ngapi, tupite wapi, na kwenye baiskeli tukague nini? Kuna wanaosema vichochoro havipitiki kabisa, wengine wanasema mnapita tu.

Mkaa Barazani
Wote wamesema kweli. Nje endesheni, ndani kokoteni.

Saa kwanza. Jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, mwaka mzima. Msianze hapo. Baina ya Magharibi na Isha watu wanakwenda na kurudi misikitini, na misikiti mingine mlango wake unafunguka kichochoroni moja kwa moja, viatu viko nje. Ondokeni saa 2 usiku au baadaye kidogo, Isha ikishaswaliwa. Mwezi wa Ramadhani sogezeni mbele zaidi kwa sababu ya tarawehe.

Mzunguko wa nje ni kama kilomita 4: Forodhani, Mizingani, Malindi, Darajani, Mnazi Mmoja, Vuga, Shangani, mnarudi Forodhani. Ukiondoa vituo, hata nusu saa haifiki, kwa hiyo tengeni saa mbili na zaidi ziishie kwenye kusimama. Mizingani mna jumba la Beit al-Ajaib la Sultani Barghash (1883). Mnara wa saa na sehemu ya jengo viliporomoka Desemba 2020, liangalieni kutoka upande wa pili wa barabara. Mbele zaidi kwenye barabara hiyo kuna Dispensari Kongwe ya Tharia Topan, na roshani zake za mbao. Malindi msiupite Msikiti Mnara bila kuinua macho: mnara wake umechongoka kama pia, wa aina yake ni wachache pwani hii yote.

Darajani muulizeni muongozaji daraja liko wapi. Barabara ya Benjamin Mkapa ilikuwa mkono wa bahari uliotenga mji na Ng'ambo. Ukafukiwa, likabaki jina. Akikosa hilo, mengine mtayasoma wenyewe.

Ndani, shukeni Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa 1873 na kanisa la Askofu Steere likajengwa palepale. Usiku geti limefungwa, mtaona kwa nje tu, lakini kimya chake kinatosha.

Spoki 36
Njia nzuri, ila igeuzeni. Sisi tunaendesha kushoto. Ukizunguka kama alivyosema mwenzangu, kila kona kubwa ni ya kulia, maana yake unakata mbele ya magari, na Darajani usiku kuna daladala na vespa zisizo na subira. Anzeni Shangani, Vuga, Mnazi Mmoja, Darajani, Malindi, mmalizie Forodhani: kona zote za kushoto, na urojo mwisho wa safari badala ya mwanzo. Penye kipande cha upande mmoja mnachokikuta kinyume, shukeni mkokote.

Baiskeli: hewa ya bahari inakula nyaya za breki. Bana breki ya mbele kisha sukuma baiskeli. Gurudumu likizidi kuzunguka, mpira wa breki umekwisha au rimu ina mafuta. Bana mara kumi mfululizo: mkono wa breki ukichelewa kurudi, waya umeota kutu ndani ya ganda lake, kataa hiyo baiskeli. Tairi za inchi 26 jazeni upepo psi 40 hivi. Ikiwa ngumu kama jiwe inateleza kwenye mawe yaliyosuguliwa na nyayo. Ikiwa laini sana, kingo za mifuniko ya mitaro zinabana tyubu mpaka itoboke matundu mawili pamoja. Mbebe tyubu 2, viraka, msasa, gundi na pampu.

Mkijikuta mnaendesha kwenye kichochoro chenye baraza, pedeli ya upande wa baraza iliyo karibu iwe juu. Ikigonga baraza, mguu ndio unaolipa.

Mkaa Barazani
Kuhusu kona nakubali, geuzeni.

Taa ya Chemli
Hakuna aliyegusa taa. Msivae taa ya kichwani: kila unayemsalimia barazani unampiga mwanga wa macho. Taa ya mbele ifungwe kwenye usukani, iinamishwe iangaze mita 4 au 5 mbele. Nyuma nyekundu, isiwe ya kuwaka na kuzima mkiwa vichochoroni. Umeme ukikatika, wa mbele anasimama, wote wanashuka.

Tochi ya mkononi moja inatosha, ni ya kutazamia milango ya nakshi. Usimulike mlango usoni, nakshi zitapotea. Isogeze ubavuni mwa fremu, mwanga ukwangue mbao: magamba ya samaki, minyororo na mitende vitajitokeza kwa vivuli vyake. Ila kwanza toa salamu, hiyo ni nyumba ya mtu.

Muongozaji awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Papasi wa Forodhani, yaani muongozaji wa mtaani asiye na kibali, atakwambia kakisahau nyumbani. Muongozaji akae mbele, na mmoja wenu anayeujua mji awe mkia. Hakuna? Basi mkia awe na namba ya simu ya muongozaji, na kwenye kila njia panda asiondoke mtu mpaka mkia ufike. Mkija masika, dimbwi lolote lihesabuni ni shimo.